Simu Inajua Ulichonunua, Haijui Ulichohitaji

Ukibonyeza *544# kwenye laini ya Safaricom unaletewa orodha ya bando. Ukichagua moja, inazaa orodha nyingine: za saa, za siku, za wiki, za mwezi, zisizo na mwisho wa muda, za dakika, za ujumbe, za mchanganyiko. Bonyeza *444# nawe unaingia Tunukiwa, ambako mambo ni tofauti kidogo. Huko orodha imefupishwa, tena imefupishwa kwa ajili yako. Ofa anayoiona mwalimu si lazima iwe ile anayoiona mwanabodaboda anayesubiri abiria mbele ya lango la shule hiyo hiyo. Kompyuta imetazama matumizi yako ya siku zilizopita, ikakuchagulia.

Tangu Tunukiwa ianze, Wakenya wamezoea kuchujiwa. Programu za kampuni za simu zinafanya vivyo hivyo kwa rangi na picha, zikikuwekea juu kabisa kile zinachodhani utanunua. Maduka ya mtandaoni nayo hayajaachwa nyuma. Laini za simu nchini zimepita milioni 60, nyingi kuliko sisi wenyewe, maana wengi wana laini mbili na wanahama kutoka moja hadi nyingine wakifuata bei ya siku. Kwa mtu wa namna hiyo, kichujio kizuri kingekuwa msaada mkubwa. Nani ana muda wa kusoma mabando thelathini akiwa amesimama kwenye mvua?

Jambo lisiloulizwa mara nyingi ni kama kichujio hicho kinamsaidia mnunuzi au kinamsaidia muuzaji. Hilo linaweza kupimwa, na mahali pa kulipimia si Westlands wala Kilimani jijini Nairobi, ambako mtandao hauyumbi na mshahara unaingia tarehe inayojulikana. Lipimiwe Olenguruone.

Olenguruone iko Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, juu kwenye miinuko ya Mau. Unaifikia kwa barabara ya kutoka Molo kupitia Keringet. Ukiendelea mbele, barabara inakuteremsha hadi Silibwet upande wa Bomet. Ni eneo la chai, viazi, maziwa na ukungu. Asubuhi watu hutembea na sweta mbili, na mchana jua likikuonea huruma unavua moja.

Mawimbi ya simu hapa hufuata sura ya ardhi. Mjini, video inacheza bila kukwama. Teremka kwenye mashamba ya chai nawe utaziona alama za netiweki zikipungua kwenye kona ya skrini, hadi ibaki ile herufi E ambayo kila mtu wa mashambani anaijua: ujumbe wa maandishi utatoka ukiwa na subira, picha usijisumbue. Wenyeji wana ramani zao kichwani. Kuna kona ya zizi ambako WhatsApp inashika, kuna kichuguu ambako watu husimama kutuma pesa, kuna upande mmoja tu wa nyumba ambako simu inaita. Kampuni inajua ni mnara upi ulioishika simu yako. Ila inapokuchagulia bando, haikuulizi saa ijayo utakuwa wapi.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo ubishi ulipo. Chukua ofa ambayo kila mwenye simu Kenya ameiona: GB 1 kwa saa moja, kwa karibu shilingi 20. Kando yake kuna nyingine ya bei inayokaribiana, MB 250 kwa saa 24. Kwenye karatasi, ya kwanza imenona mara nne. Sasa mchukue mama mchuma chai ambaye bintiye anafanya kazi za nyumbani Riyadh na hashiki simu mpaka wenye nyumba walale. Mama ananunua GB 1 jioni akiwa dukani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya orodha. Saa inaanza kuhesabiwa papo hapo. Anatembea dakika arobaini kurudi nyumbani. Zikibaki dakika ishirini binti hajapatikana, anasikiliza jumbe za sauti kutoka kikundi cha chama, basi. Hata kama binti angepatikana mara moja wakazungumza nusu saa nzima, simu ya sauti ya WhatsApp hula chini ya MB 1 kwa dakika. Wasingezidi MB 30. Zaidi ya MB 900 zingezimika saa ikitimia.

Kwa hiyo bando lililoonekana rahisi limemgharimu shilingi 20 kwa MB zisizozidi 30, na lile lililoonekana ghali lingemfikisha usiku, kisha asubuhi, kisha hadi jioni ya pili. Na kompyuta imeandika nini kwenye daftari lake? Imeandika kwamba alinunua. Kesho itamletea GB 1 ya saa moja tena, juu ya orodha, kwa imani kwamba ndiyo anayoipenda.

Hili ndilo kosa lililomo ndani ya vichujio vingi vinavyojifunza kwa kutazama manunuzi. Kununua kunachukuliwa kuwa ushahidi wa kupenda, na kupenda kuwa ushahidi wa kuhitaji. Hatua zote mbili zinaweza kuwa za uongo, na kwa mtu asiye na pesa za kutosha mara nyingi ndivyo zilivyo.

Nenda duka lolote la Olenguruone uone watu wanavyonunua. Mafuta ya kupikia yanapimwa ya shilingi ishirini, sukari robo kilo, sabuni ya unga kipakiti cha kufulia mara moja. Tunauita uchumi wa kadogo, na wataalamu wa biashara wanausifu kama kwamba ni hulka ya Mwafrika. Ukikaa na wakulima utaona kwamba kadogo ni suala la kalenda. Maziwa hulipwa mwisho wa mwezi. Majani chai ya mkulima mdogo hulipwa kiasi fulani kila mwezi, na bonasi huja mara moja kwa mwaka. Viazi hulipwa siku ambayo lori limekuja, kwa bei ya dalali, na lori halina ratiba. Katikati ya siku hizo, ishirini ndiyo iliyopo mfukoni.

Kichujio kinachotazama wiki tatu kati ya malipo mawili kitamweka mkulima huyu kwenye kundi la watu wa shilingi ishirini. Siku maziwa yanapolipwa, siku ile moja ambayo angeweza kununua bando la mwezi mzima na kuokoa pesa, kinamletea ya ishirini. Si kwamba kimekosea hesabu. Kimejifunza umaskini wake wa katikati ya mwezi kikauita chaguo. Mara nyingine amekopa kredo kwa Okoa Jahazi, ambayo hukatwa asilimia 10 kama ada, na hilo nalo limeingia kwenye kumbukumbu.

Kuna kichujio kingine Olenguruone ambacho hakina kompyuta. Kimekaa nyuma ya wavu wa duka la M-Pesa, kimevaa kofia ya sufu. Ni msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye daftari la mistari na simu mbili, na ukutani nyuma yake kuna karatasi ya manila iliyoandikwa kwa kalamu nene: saa moja bei hii, hadi usiku wa manane bei hii, wiki bei hii, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, MARA MOJA KWA SIKU. Ni wakala wa kuuza ofa. Anatuma bando kutoka simu yake, wewe unamlipa taslimu au kwa M-Pesa, naye anapata kamisheni.

Bibi mmoja alifika akiwa na kabambe, ile simu ya vitufe, na simu janja ya zamani, zote zimefungwa kwenye leso moja.

“Chamgei, kogo.”

“Chamgei mising. Niwekee bando, msichana wangu.”

“Ya kuongea ama ya intaneti?”

“Ya kuongea na huyu mtoto wa Saudia. Ile ya picha.”

“Saa hii ama usiku?”

“Usiku. Mchana anafanya kazi ya watu.”

“Na huko nyumbani netiweki inashika?”

“Inashika nikisimama nyuma ya choo.”

Watu kwenye foleni walicheka, bibi naye akacheka. Msichana hakumpa ile ya saa moja. Alimwekea ya saa 24, akamwambia ya picha ikikwama wazime kamera wabaki na sauti.

Maswali yalikuwa matatu: ya nini, saa ngapi, wapi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloulizwa na menyu. Nisimfanye malaika, hata hivyo. Jioni foleni ikirefuka na wachuma chai wakirudi, maswali yanakatika, na kila anayesema “bando la ishirini” anatumiwa ile inayouzwa sana. Naye pia ana kamisheni ya kufikiria. Lakini maarifa yapo, na yanajulikana na kila wakala kutoka Keringet hadi Silibwet. Kinachobaki ni kujua kama yanaweza kuingizwa kwenye simu yenyewe, na kama yakiingizwa yatafanya kazi.

Majaribio ya namna hii yamefanyika kwingine, na moja lafaa kutajwa kwa sababu ya kitu lilichopima. Marekani ilipoanzisha bima ya dawa kwa wazee chini ya Medicare mwaka wa 2006, kila mzee aliyejiunga alitakiwa achague mpango mmoja kati ya makumi ya mipango ya kampuni binafsi. Habari zote zilikuwepo kwenye tovuti ya serikali, bure. Kundi la watafiti likiongozwa na Jeffrey Kling lilichukua wazee katika jimbo la Wisconsin na kuwagawa kwa bahati nasibu. Wa kundi la kwanza walitumiwa barua iliyoonyesha, kwa dawa zile zile wanazotumia, mpango wao wa sasa utawagharimu kiasi gani na upi ungekuwa rahisi zaidi. Wa kundi la pili walitumiwa anwani ya tovuti ambako wangeweza kuyapata hayo hayo wenyewe. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulikuta kwamba asilimia 28 ya waliopata barua walibadilisha mpango, na asilimia 17 ya wale wengine. Makadirio ya gharama kwa waliopata barua yalishuka kwa wastani wa karibu dola 100 kwa mwaka.

Watafiti hawakuishia kupima ni wangapi waliofungua barua, wala ni wangapi waliofurahia rangi zake. Walikadiria pesa ambazo zingebaki mfukoni mwa mzee.

Hapa nyumbani pia tuna mfano, ingawa ulikuwa wa mikopo. Shirika la CGAP, lililo chini ya paa la Benki ya Dunia, pamoja na kituo cha utafiti cha Busara cha Nairobi, walijaribu menyu ya mkopo wa simu ulioitwa Kopa Cash, wa kampuni ya Jumo. Masharti ya mkopo yalikuwa yamewekwa mwishoni mwa menyu, ambako wachache hufika. Waliyasogeza yakawa chaguo linaloonekana wazi, na idadi ya waliosoma ikapanda kutoka asilimia 9.5 hadi 23.8. Mwaka wa 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwaamuru watoa huduma za fedha kwa simu waonyeshe gharama kwenye skrini kabla mteja hajathibitisha. Ukiona leo ada inatajwa kabla ya kubonyeza, kumbuka kuna watu waliopigania mstari huo mmoja.

Sasa tulete hayo kwenye bando. Jaribio lenyewe si gumu kulieleza. Chukua laini zinazohudumiwa na minara ya Kuresoi Kusini, zigawe kwa kura. Nusu waendelee kuona ofa zao kama kawaida. Nusu nyingine, kabla ya kuona ofa, waulizwe swali: hili bando utalitumia lini? Kisha waletewe mabando matatu yanayolingana na jibu, basi. Hakuna haja ya teknolojia mpya wala mashine inayofikiri.

Ugumu uko kwenye kipimo. Ukipima mauzo, nakuhakikishia ile ya saa moja itashinda, kwa sababu anayezimikiwa na MB 900 saa mbili usiku hurudi kununua tena saa tatu. Kila megabaiti iliyokufa inaonekana kwenye ripoti kama mteja mwaminifu. Meneja wa bidhaa atasimama mbele ya wakubwa wake na grafu inayopanda, na hatakuwa amedanganya. Kipimo kinachofaa ni kingine: bando lilipokwisha muda, lilikuwa limebaki na kiasi gani? Takwimu hiyo kampuni haihitaji kwenda kuitafuta. Mitambo inayokutumia ujumbe kwamba bando lako limekwisha muda ndiyo hiyo hiyo inayojua lilikuwa na nini ndani. Ongeza juu yake idadi ya mabando ambayo mtu analazimika kununua kwa siku moja, na mara anazokopa kredo kwa mwezi. Hizo tatu zikishuka, kichujio kimemsaidia mtu. Zikipanda, kimemchuja yeye.

Muda wa jaribio nao una hila. Wiki mbili za Januari zitatoa jibu zuri na la uongo. Januari hakuna mtu mwenye pesa. Karo imekula kila kitu. Lazima jaribio lipite juu ya siku ya malipo ya maziwa zaidi ya mara moja, lipite msimu wa viazi, na likiwezekana liguse bonasi. Mvua pia. Mnara unaotegemea umeme wa miinuko hii una siku zake, na mtu aliyenunua bando la saa moja dakika kumi kabla ya umeme kupotea hana wa kumlalamikia.

Kisha kuna kabambe. Wanaotengeneza programu hufanya majaribio yao kwenye simu janja mpya, ndani ya ofisi yenye Wi-Fi. Sehemu kubwa ya manunuzi ya mashambani bado inapita kwenye menyu za nyota na reli, ambazo skrini yake moja haibebi zaidi ya herufi 182, nafasi na alama zote zikihesabiwa. Ndani ya herufi hizo lazima uweke swali, majibu na namba zake. Tena menyu hiyo ina muda wake. Ukichelewa kusoma inakatika, na ukiwa pale kwenye herufi E inakatika hata usipochelewa. Kila skrini unayoiongeza inapoteza watu njiani. Ndiyo sababu nasema swali moja, wala si matatu ya yule msichana, hata kama ya kwake ni bora. Yeye ana faida ambayo menyu haina: akikuuliza, husubiri.

Wapo watakaosema swali lolote ni mlango wa kuingilia faragha. Hoja hiyo ina uzito. Ukimwambia mtu kwamba utatumia bando usiku, umemwambia kitu kuhusu maisha yako. Ukimwambia lini maziwa hulipwa, umemwambia lini ana nafasi ya kukuuzia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, katika kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake pale uamuzi huo unapomgusa kwa uzito. Ofisi ya Kamishna wa Data, iliyoanza chini ya Immaculate Kassait, imekuwa ikishughulikia malalamiko ya kila aina. Sidhani bando la ishirini litafika huko. Lakini njia rahisi ipo: swali liulizwe, jibu litumike papo hapo, lisihifadhiwe. Wakala wa dukani hakuandika popote kwamba bibi husimama nyuma ya choo.

Na kuuliza peke yake hakutoshi. Tumeona hilo kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tangu Oktoba 2024. Huko unaulizwa mengi kupitia *147#: hali ya nyumba yako, mali uliyonayo, watu unaoishi nao. Mfumo unapiga hesabu na kukutolea mchango wako, asilimia 2.75 ya mapato unayokadiriwa kuwa nayo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Wengi wasio na mishahara wamelalamika kwamba kiasi walichotolewa hakifanani na maisha yao, na walipouliza kimetoka wapi hawakupata mtu wa kuwaeleza. Kichujio kinachouliza maswali ishirini kisha kikatoa jibu bila sababu hakina tofauti kubwa na kile kisichouliza. Mstari mmoja ungetosha: tumekuonyesha hili kwa sababu umesema utalitumia usiku. Mtu akiona sababu si yake, anajua pa kurekebisha.

Niseme jambo la pembeni kuhusu Olenguruone na wanaopanga mipango ya watu wengine. Mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni ilifanya mahali hapa kuwa makazi ya Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingine, ikawaletea masharti ya namna ya kulima na ya kumiliki ardhi. Masharti yaliandikwa na watu waliojua kilimo vizuri sana, na yamkini baadhi yalikuwa na maana. Wakazi walikataa, wakala kiapo cha umoja, na mgogoro ukaendelea hadi walipofukuzwa, kufikia mwaka wa 1950. Wanahistoria wanauhesabu kuwa mmoja wa mizizi ya Mau Mau. Silinganishi bando na ardhi. Nasema tu kwamba wataalamu walishawahi kuja hapa na jibu kabla ya kuuliza swali.

Lipo pia suluhisho linaloepuka kichujio chote: kuondoa saa. Mwaka wa 2019 wakili Adrian Kamotho alizishtaki kampuni za simu akipinga data iliyolipiwa kuzimwa kwa sababu ya muda, na Oktoba mwaka huo Safaricom ikaleta mabando yasiyo na mwisho wa muda. Tanzania walipita njia nyingine. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilileta kanuni za vifurushi mwaka wa 2021, zikiwemo za kumjulisha mteja akifikia asilimia 75 na 100 ya matumizi. Bei mpya zilizokuja pamoja nazo mwanzoni mwa Aprili zilizua kelele nchi nzima hadi serikali ikazisimamisha.

Bando lisilo na mwisho wa muda hukupa megabaiti chache kwa shilingi ile ile, na ndiyo sababu kwenye orodha linaonekana ghali. Kwa kijana wa Nakuru mjini anayepakua filamu, kweli ni ghali. Kwa mtu anayetumia MB 30 kwa siku, tena vipande vipande, pale kichuguuni, huenda ndilo rahisi kuliko yote. Kichujio cha haki kingekuwa kinalipandisha juu kila kinapoona mabando ya mtu yanakufa yakiwa yamejaa. Hicho ndicho kipimo kingine ambacho ningependa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikidai kutoka kwa kampuni zote, si moja tu: kati ya wateja wenu ambao data yao huzimika kabla ya kutumika, wangapi mliwaonyesha bando lisilozimika, na mliwaonyesha kwenye mstari wa ngapi?

Nilimwandikia yule msichana wa duka swali kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, kama lingeonekana kwenye kabambe: Utatumia lini? 1. Sasa hivi. 2. Usiku. 3. Kidogo kidogo wiki hii. Alilisoma, akachukua kalamu, akaifanya namba tatu kuwa namba moja na sasa hivi kuwa namba tatu.

“Wengi hapa hubonyeza moja bila kusoma,” alisema. “Sasa akibonyeza bila kusoma, si afadhali apewe ile haitachomeka?”

Mteja aliyefuata alikuwa ameshasukuma noti ya hamsini chini ya wavu, akitaka kujua kama kuna ya hadi saa sita usiku.